Mama, chumvi na sahani ya simsim

Jumapili iliyopita niliahidi kwamba leo tungezungumzia watoto na runinga. Naomba radhi, msomaji wangu. Ahadi ni deni, nami deni hilo nitalilipa Mungu akitujalia uzima, lakini leo nina jambo la tumbo, na tumbo halijui kungoja zamu.

Mama yangu mzazi yuko kwangu hapa South C tangu mwezi uliopita. Alitoka nyumbani, upande wa Webuye, baada ya kushikwa na kizunguzungu shambani akipalilia mahindi. Alipopimwa hapa Nairobi alikutwa na presha. Daktari alimpa tembe za kumeza kila asubuhi, na juu ya tembe akampa amri mbili: apunguze chumvi, na aachane na vyakula vilivyoogelea mafuta.

Sasa, mke wangu ni mtu wa kufuata maagizo kama askari wa gwaride. Siku hiyo hiyo kopo la chumvi lilipanda juu ya kabati, nyuma ya sufuria za Krismasi. Sukumawiki zikaanza kuchemshwa badala ya kukaangwa. Kuku akachemshwa. Hata maharagwe, ambayo mama amekuwa akiyapika tangu enzi za mkoloni, yakaja mezani meupe, yakiogelea katika maji yao wenyewe.

Mama akawa anakula vijiko viwili, anaisukuma sahani na kusema ameshiba. Mtu aliyelima ekari mbili kwa jembe maisha yake yote, ameshiba kwa vijiko viwili! Mara nyingine alikuwa akichukua sahani yake na kwenda kukaa peke yake jikoni, akisema hapendi kelele za runinga.

Usiku nikawa mtu wa kupokea mashtaka kutoka pande mbili. Mama alininong'oneza, "Mwanangu, mkeo ni mtu mwema, lakini mkono wake umekufa." Chumbani nako mke wangu akaniambia, "Baba watoto, mama yako anadhani nataka kumuua kwa njaa." Wahenga walinena kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Nyasi zenyewe ndizo mimi.

Nyasi hizi, msomaji, hazikuwa na ushujaa wowote. Naungama hapa hadharani kwamba kila jioni nilikuwa nikifunga kijiko cha chumvi katika kipande cha gazeti, tena hili hili ninaloliandikia, na kumpelekea mama chumbani kwake. Alikuwa akifurahi, na mimi nikijiona mwana mwema. Nilijiambia kwamba chumvi kidogo haiwezi kumdhuru mtu.

Jumamosi ya wiki jana tulimrudisha kliniki. Presha haikuwa imeshuka. Ilikuwa imepanda! Daktari aliitazama karatasi, akatutazama sisi, kisha akauliza kwa upole, "Ni nani apikaye nyumbani?"

Mke wangu aliinua mkono polepole, kama mwanafunzi aliyevunja dirisha la darasa. Mimi nikajitia kusoma tangazo la chanjo lililobandikwa ukutani. Nilisoma mpaka namba ya kiwanda cha uchapishaji, na sikusema neno.

Tulitoka pale saa saba za mchana, jua likiwaka na njaa ikiuma. Mama akasimama kando ya barabara na kutangaza kwamba hatakula chakula cha wagonjwa siku hiyo, na kwamba kama hakuna kingine basi apelekwe steji akapande basi la Webuye. Binti yetu, ambaye yuko sekondari, ndiye aliyetuokoa. Alisema kuna hoteli ndogo karibu na kwetu ambako mwenzake alifanyia sherehe ya kuzaliwa, na chakula chao ni kizuri.

"Wanapika chakula cha wapi?" nikamuuliza.

"Cha Mediterania, baba."

Nusura nikatae. Masikioni mwangu neno hilo lilinukia vitambaa vyeupe vya meza, wahudumu waliovaa tai, na bili ya kumfanya mtu aache saa yake kwa rehani. Lakini wahenga hawakukosea waliposema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Pale mlangoni palikuwa na ubao ulioandikwa bei zote kwa chaki. Nikazisoma mara mbili, nikapumua, nikawaambia waingie.

Mkahawa wenyewe umebanwa kati ya duka la M-Pesa na kibanda cha kutengeneza simu. Una meza sita zilizotandikwa plastiki za maua, sinki la kunawia mikono karibu na mlango, na kikapu kikubwa cha ndimu juu ya kaunta. Mwenyewe ndiye mpishi, naye ni Mkenya wa Mwingi. Alituambia kwamba alifanya kazi miaka minane katika jikoni la hoteli ya Walebanoni huko Doha. Alianza kwa kuosha masufuria, akamaliza akiwa msimamizi wa meza ya vyakula baridi. Aliporudi nyumbani aliona afadhali afungue kilicho chake kuliko kuandikwa tena.

Kijana wetu mdogo aliuliza kama kuna vibanzi. Hakuna. Mdomo ukaanza kumtetemeka. Hapo mpishi akatoa mkate kwenye tanuri, mkate bapa uliovimba kama puto, akautoboa mbele yake mvuke ukatoka fuu! Habari za vibanzi zikaishia hapo.

Nikupe faida ndogo hapa, msomaji, ili siku ukienda usione haya. Katika mikahawa ya aina hii, mara nyingi mtu haagizi sahani yake peke yake akaikumbatia. Huletwa visahani vingi vidogo vikawekwa katikati, kila mmoja akamega mkate na kuchovya apendapo. Visahani hivyo huitwa meze. Usidhani ni meza yetu ya kulia. Waturuki walilichukua neno hilo kwa Waajemi, na maana yake ya asili ni ladha. Binti yangu akasema kwa Kiswahili ni amri: meze mtu anachopewa!

Tuliagiza humusi, ambayo ni nafaka ile Wahindi wa madukani huiita chana. Hulowekwa usiku kucha, ikachemshwa mpaka ikalainika, kisha ikasagwa pamoja na simsim, kitunguu saumu na maji ya ndimu hadi ikawa laini kama uji mzito. Tukaagiza biringanya iliyochomwa kwenye moto mpaka ganda likaungua, nyama yake ya ndani ikapondwa. Tukaagiza tabule, ambayo ni kachumbari ya majani ya pasili yaliyokatwa membamba mno, nyanya, mnanaa na punje za ngano iliyochemshwa, ikakaushwa na kuvunjwavunjwa. Kisha falafeli, ambazo ni kama bajia za chana. Wamisri wao huzipika kwa maharagwe mapana, na wapo wasemao kwamba Wamisri ndio walioanza. Na kwa kuwa kijana alihitaji nyama, tukaongeza mishkaki ya kuku.

"Na wewe mama, nikuletee nini?" mpishi akauliza.

"Mimi niletee chai tu, mwanangu. Nimekatazwa vyakula."

"Umekatazwa nini?"

"Chumvi."

Yule bwana akacheka kidogo. "Kama ni chumvi tu, nitakusagia humusi yako peke yako na sitaitia hata punje. Ngoja uone."

Akarudi na bakuli la simsim iliyosagwa, ile ambayo Waarabu huiita tahini, ili amwonyeshe anachotumia. Mama akachovya kidole, akakitia mdomoni. Akanyamaza. Akachovya tena.

"Hii si simsim?"

"Ndiyo yenyewe, mama. Hata kule Doha mpishi wetu mkubwa, mtu wa Beirut, alikuwa akiiita simsim hivyo hivyo."

Neno moja kutoka Beirut hadi Webuye! Bila shaka wanafunzi wa Kiswahili watanikumbusha kwamba sisi tulilipata kwa Waarabu, na kwamba ndugu zetu wa Tanzania husema ufuta. Sawa kabisa. Lakini mama hakuwa na haja ya isimu wakati ule. Alianza kutusimulia jinsi alivyokuwa akikaanga simsim katika chungu akiwa msichana, akiisaga juu ya jiwe la mamaye mpaka mafuta yakatoka yenyewe, kisha akatia katika kunde. Siku za ukosefu wa nyama, alisema, mboga ya simsim ndiyo iliyopewa wageni. Miaka arobaini nimekaribia, na kisa hicho sikuwahi kukisikia.

Humusi yake ikaja, ndimu imekolezwa na bizari ya jira imenyunyizwa juu. Mama akamega mkate. Akamega tena. Nilikuwa na mazoea ya kuhesabu vijiko vyake, lakini safari hii niliacha kuhesabu, kwani mkono wake ulikuwa umeshavuka mpaka na kuingia kwenye sahani ya biringanya.

Binti yetu hakutaka kupitwa. "Kukhu," akamwambia bibi yake, "unajua maji ya mto Nzoia huishia wapi?"

"Ziwani."

"Na kutoka ziwani?"

Akamweleza kwamba Nzoia huingia Ziwa Victoria, na maji ya ziwa hutokea Jinja, Uganda, yakawa mto Nile, yakapita Sudan Kusini, Sudan na Misri, yakaingia katika bahari hiyo hiyo ya Mediterania. Mama akalifikiria jambo hilo huku akitafuna. "Basi watu hao wanakunywa maji niliyofulia nguo," akasema. "Wakinipa chakula chao si msaada. Wananilipa."

Kicheko kilichofuata kiliwafanya hata watu wa meza ya pili wageuke. Na kweli, msomaji, twasahau kwamba bahari ile si ya Wazungu peke yao. Morocco, Algeria, Tunisia, Libya na Misri zote ziko ufuoni mwake, nazo zote ni Afrika.

Ndipo mama, akiwa ameshiba na moyo umemkunjuka, alipotamka maneno haya: "Kumbe chakula kisicho na chumvi chaweza kulika! Ningalijua, nisingalimsumbua mwanangu kuniletea chumvi kila jioni."

Meza ikawa kimya. Mke wangu akaweka mkate chini. Alinitazama kwa muda ambao mimi niliuona kama saa nzima.

"Kwa hiyo kule kliniki," akasema polepole, "mkono ulioinuka ulikuwa wangu."

Sikuwa na la kujitetea. Nilisema nilikosa, nikasema mbele ya mama na mbele ya watoto, maana kosa nililifanya kwa siri na aibu akaipata mwingine mbele ya watu. Mama alijaribu kulichukua lawama, akadai ndiye aliyenituma. Mke wangu akamshika mkono. "Mama, wewe ulikuwa na njaa. Huyu alikuwa ameshiba."

Kisha akainuka, akaenda jikoni kwa mpishi. Tulimsikia akiuliza ndimu hutiwa kabla ya kusaga au baada, na simsim hukaangwa kiasi gani isiungue. Alirudi na karatasi iliyoandikwa pande zote mbili.

Bili yetu ilikuwa hivi: humusi sahani mbili, shilingi 700, biringanya 350, tabule 300, falafeli 400, mishkaki ya kuku 750, na jagi la maji ya ndimu na mnanaa, 400. Mkate ulikuja bila malipo. Jumla ni shilingi 2,900 kwa watu watano, yaani 580 kila mmoja. Hizo si pesa za kuchezea, na familia nyingi haziwezi kuzitoa kila wiki. Lakini safari iliyotangulia, tulipowapeleka watoto kula kuku wa kukaanga na vibanzi katikati ya jiji, tulilipa zaidi ya 4,000 na tukarudi nyumbani tukiwa na kiu.

Kwa wanafunzi wenye mfuko mwepesi, siri ni kwenda watu watatu au wanne, kuagiza humusi moja, falafeli na mkate, na kunywa maji. Someni bei kabla ya kuketi, na muulize kama ushuru umo ndani ya bei hizo. Kuuliza si ujinga.

Nilipofika nyumbani niliona vyema nichunguze sifa za chakula hiki, nisije nikawasifia wasomaji kitu kwa sababu ya shibe ya siku moja. Mwaka wa 1958 mtaalamu mmoja wa Marekani, Ancel Keys, pamoja na wenzake, walianza kuwafuatilia wanaume wa nchi saba ili kujua kwa nini magonjwa ya moyo yanaua watu wengi mahali pamoja na wachache mahali pengine. Watu wa kisiwa cha Krete, Ugiriki, walitokea kuwa miongoni mwa waliougua moyo kwa uchache zaidi. Nao hawakuwa matajiri. Walikuwa wakulima waliokula mboga, nafaka za jamii ya kunde, mkate, matunda na mafuta ya zeituni, na nyama mara chache. Mwaka wa 2010 shirika la UNESCO liliuweka mlo wa Mediterania katika orodha ya urithi wa binadamu, na moja ya mambo yaliyotajwa ni desturi ya watu kukaa na kula pamoja.

Hebu jiulize, chakula hicho kinatofautiana vipi na kile alichokula mama utotoni? Kunde, maharagwe, simsim, mboga za majani, viazi vitamu, na nyama siku ya sikukuu. Wote wakiwa wamezunguka chungu kimoja. Sisi wa mjini ndio tuliouacha mlo huo, tukaona ni wa kimaskini, kisha tukabaki na vibanzi, soseji na foleni ya kliniki. Mwacha mila ni mtumwa, na siku hizi utumwa wenyewe hulipiwa.

Hata hivyo nisiwadanganye. Mafuta ya zeituni hapa kwetu ni ghali, wala si lazima uyanunue. Falafeli hukaangwa katika mafuta mengi, kwa hivyo mama alionja moja tu. Zeituni zenyewe na jibini za kule huhifadhiwa katika maji ya chumvi, na mtu wa presha anafaa kujihadhari nazo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, na hapo ni pamoja na chumvi iliyokwisha kutiwa katika mkate na vitu vya kopo. Kijiko nilichokuwa nikikipeleka chumbani peke yake kilitosha kumaliza fungu la siku nzima. Na hakuna humusi iliyochukua nafasi ya tembe. Mama anazimeza kila asubuhi, na tutamrudisha kwa daktari siku aliyopangiwa.

Tulichojifunza pale ni kidogo na ni rahisi. Chakula cha mgonjwa hakihitaji kuwa adhabu. Ukipunguza chumvi, weka kitu mahali pake: ndimu, kitunguu saumu, jira, dania, simsim iliyokaangwa. Ulimi ukipata cha kufanya hautaulizia sana kilichoondolewa. Tena usimpikie mgonjwa sufuria yake ya huzuni huku wengine mkila vyenu. Pikeni kimoja, na anayetaka chumvi aongeze katika sahani yake mwenyewe.

Mke wangu hakunisemesha njia nzima ya kurudi, wala Jumapili. Jumatatu aliniambia nitafute chana kilo mbili na simsim nusu kilo, nami nilizileta mbio kabla hajabadilisha mawazo. Jumatano usiku alipika maharagwe, akayaunga kwa kitunguu, nyanya na simsim aliyoisaga mwenyewe, akakamulia ndimu juu. Alileta sinia moja kubwa na kuiweka katikati. Runinga ilizimwa, na mama hakwenda jikoni.

Alikula bila kusema neno mpaka upande wake wa sinia ukawa mweupe. Kisha akamtazama mke wangu na kusema kwa Kiswahili, ili sote tusikie:

"Mkono umefufuka."

Kopo la chumvi limeteremshwa kutoka juu ya kabati. Liko mezani, mahali ambapo kila mtu analiona. Mimi ndiye niliyekatazwa kuligusa.